Mabadiliko Kwenye Mlango wa Kizazi Bado Si Saratani

 

Kuna maneno ambayo yamewaliza akina mama wengi kliniki: "Mama, una mabadiliko kwenye mlango wa kizazi." Wengine hudhani tayari ni saratani. Hurudi nyumbani, hunyamaza, na hawaendi tena kwa matibabu. Leo tutaeleza mabadiliko hayo ni nini, na kwa nini huo ndio wakati wa kurudi kliniki upesi.

Mwili umejengwa kwa chembechembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli mna DNA, ambayo ni kama kitabu cha maagizo. Kila agizo huitwa jeni. Ziko jeni zinazoiambia seli izaane, na ziko zinazoiambia isimame.

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe katika muda wa miaka 2 hivi. Vikikaa mwilini miaka mingi, huanza kuvuruga seli.

Huvurugaje? Fikiria daftari la mtoto lililomwagikiwa uji. Uji ukikauka, kurasa hushikana. Maandishi yamo yote, lakini mwalimu hawezi kuyasoma. Ndani ya seli pia, vialama vidogo vya kikemikali viitwavyo methili hujibandika kwenye DNA. Jambo hili huitwa methilesheni. Mwili wenyewe hutumia vialama hivi kila siku kufunga jeni zisizohitajika. Hatari huja vinapofunga zile jeni za kusimamisha. Hapo seli huzaana bila breki.

Watafiti wameona kwamba sehemu iliyobadilika kidogo huwa na vialama vichache, na mara nyingi hupona yenyewe. Iliyobadilika sana huwa na vingi, na saratani huwa na vingi zaidi. Kwa hivyo saratani hii haiji kwa usiku mmoja. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hapati matibabu, inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

Katika miaka hiyo yote huenda usihisi maumivu yoyote. Ndiyo sababu hatungoji kuumwa. Muuguzi huchukua majimaji kwa kijiti laini ili yapimwe HPV, au hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huweza kugandishwa kwa baridi kali, kuchomwa kwa joto, au kukatwa. Mara nyingi mama hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Tena, majibu haya yasilete ugomvi nyumbani. HPV huweza kujificha mwilini miaka mingi, kwa hivyo si rahisi kujua nani alimwambukiza nani, wala lini.

Mambo ya kukumbuka:

1. Mabadiliko si saratani, lakini yakiachwa huweza kuwa saratani.
2. Anza kupimwa ukiwa na miaka 30. Ukiwa na virusi vya UKIMWI, anza na miaka 25.
3. Ukiambiwa urudi, rudi. Baada ya matibabu, pimwa tena mwaka unaofuata.
4. Ukitokwa na damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali mara moja.
5. Mpeleke binti yako achanjwe. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019.

Mama, ukisikia neno "mabadiliko", usijifiche. Ugonjwa huu umepatikana ukiwa bado njiani.