Kuchacha na Kuchachuka

Katika miteremko ya Mlima Meru, kama ilivyo Kilimanjaro, mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Anayeipika kwa mara ya kwanza huona povu likipanda mtungini, akauliza: Je, imechacha? Asipojibiwa sawasawa, atamwaga pombe nzuri au atawapa wageni iliyoharibika.

Tatizo hilo latokana na neno moja kubebeshwa maana mbili. Chachu, ambayo ni viumbe hai vidogo sana, hula sukari ya ndizi na kutoa kileo pamoja na hewa iletayo povu. Kazi hiyo tungependa iitwe kuchachuka. Pombe ikikaa wazi mno, bakteria hugeuza kileo chake kuwa siki. Huko ndiko kuchacha. Kimea nacho kisichanganywe na chachu: ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ambayo vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayatenge maneno haya, ili asomaye maelezo peke yake ajue wakati wa kusubiri na wakati wa kumwaga.