Watu na Utawala wa Wilaya Ndogo: Utangulizi

Wanafunzi wengi wa elimu ya idadi ya watu huanza na takwimu za taifa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Ni hesabu kubwa mno kwa anayeanza, kwa sababu haimwonyeshi nani alizaliwa, nani alihama, wala nani aliamua zahanati ijengwe wapi. Kurasa hizi zinakukaribisha uanzie padogo, katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani.

Mafia ni kisiwa kikuu kimoja na vidogo kadhaa, vikiwemo Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Makao makuu yako Kilindoni. Mwaka 2012 wilaya ilikuwa na watu 46,438. Mwaka 2022 walifika 66,180. Ongezeko hilo linapita theluthi moja katika miaka kumi. Mtakwimu huuliza kwanza: je, ni uzazi, au ni wageni? Jibu halipatikani kwa kutazama jumla peke yake. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na Mafia ni nchi ya wavuvi. Mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, huhesabiwa huko kambini, si kwao. Ndiyo maana takwimu za sensa zinapaswa kusomwa pamoja na daftari la wakazi la kijiji na maelezo ya wenyeji wenyewe.

Upande wa pili wa fani hii ni utawala. Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya katika mpango wa Madaraka Mikoani. Zikarudishwa kwa sheria za 1982. Tangu hapo wilaya ina mikono miwili. Mkuu wa Wilaya, anayeteuliwa na Rais, husimamia usalama na maelekezo ya Serikali Kuu. Halmashauri, yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi, hupitisha bajeti na sheria ndogo, na Mkurugenzi Mtendaji huzitekeleza. Chini ya halmashauri zipo kata, kila moja na diwani wake na mtendaji wake; kisha vijiji na vitongoji. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa hadharani.

Pande hizi mbili hukutana kwenye mgawo wa fedha. Ruzuku ya afya inayotoka Hazina hutegemea sana idadi ya watu. Lakini Jibondo ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe, maji matamu ni adimu, na mgonjwa akizidiwa huvushwa kwa chombo hadi kisiwa kikuu. Kumhudumia mkazi mmoja wa huko kwaweza kugharimu zaidi kuliko kumhudumia mkazi wa mjini. Aidha, tangu 1995 sehemu kubwa ya bahari ya kusini imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kwa hiyo kijiji cha wavuvi hushughulika na mamlaka ya hifadhi pamoja na halmashauri. Mambo haya hayaonekani katika wastani wa mkoa.

Waliotutangulia wametupa mfano. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, akarudi mara nyingi kwa miongo iliyofuata, akiandika juu ya ukoo, ardhi na riziki. Kazi yake inathibitisha kwamba kijiji kimoja kikifuatwa kwa muda mrefu hufundisha mengi ambayo sensa ya kila miaka kumi haiwezi kuyasema.

Basi, msomaji, usisubiri ruhusa ya chuo. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji chako au wa mtaa wako, soma taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ofisini, uliza watu wangapi wamehesabiwa na huduma gani wamepangiwa. Fani hii inahitaji watafiti wanaoifahamu wilaya yao, na mlango wake uko wazi kwako.