Ugumu wa Moyo na Kuambatana kwa Wanandoa

Dominika ya 27 ya Mwaka B
(Mwa 2:18-24, Ebr 2:9-11, Mk 10:2-16)



Injili ya Dominika hii yatuletea swali ambalo Mafarisayo walimwuliza Bwana wetu ili kumnasa: je, ni halali mume kumwacha mkewe? Bwana aliwaambia kwamba Musa aliruhusu hati ya talaka kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, kisha akawarudisha hadi mwanzo, kwenye habari ile tuliyosomewa katika somo la kwanza. Mara nyingi mahubiri ya siku hii huishia kwenye talaka. Leo twapenda kutafakari jambo linaloitangulia talaka kwa miaka mingi, na ambalo huwapata hata wale wasioachana kamwe: ugumu wenyewe wa moyo, na madhara yake katika mwili.

Neno alilotumia Mwinjili kwa Kigiriki ni sklerokardia. Sehemu yake ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ambayo waganga wa leo huitumia wanapotaja kukakamaa kwa mishipa ya damu. Marko hakuwa anafundisha utabibu, nasi hatutaki kumsingizia. Hata hivyo Maandiko Matakatifu hayakuutenga moyo wa nyama na moyo wa hisia kama tulivyozoea kuutenga sisi. Nabali, mume wa Abigaili, mtu mgumu na mchoyo, aliposikia kwa mkewe jinsi alivyoponea chupuchupu mikononi mwa Daudi, alipigwa na fadhaa hata mwili ukaganda, akafariki siku kumi baadaye. Mwandishi mtakatifu asema kilichotangulia kufa ni moyo (1 Sam 25).

Sasa turudi kwenye kitabu cha Mwanzo. Mwanamume huwaacha baba na mama ili aambatane na mkewe. Tendo hilo la kuambatana, katika Kiebrania, ni lile lile linalotumika kwa Ruthu alipomng'ang'ania Naomi njiani na kukataa kurudi Moabu, na pia kwa ulimi unaogandamana na kaakaa. Basi ni zaidi ya kukaa nyumba moja. Wapo wanaokaa nyumba moja miaka thelathini, wanakula chungu kimoja, na hawajaambatana.

Wataalamu wa nafsi ya mwanadamu nao wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na walianzia kwa watoto. Mwingereza John Bowlby, aliyefariki mwaka 1990, aliandika taarifa juu ya watoto waliokosa malezi ya mama, na Shirika la Afya Duniani likaitoa mwaka 1951. Alieleza kwamba mtoto hamng'ang'anii mama kwa ajili ya maziwa tu, anatafuta usalama. Mwenzake, Mary Ainsworth, alifika Uganda mwaka 1954, akawa anatembelea kaya za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Alichokiona kila mama wa huku akijua: mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye athubutuye kutambaa mbali. Huenda akachezea kitu, hugeuka kumtazama mama, kisha huendelea. Asiye na uhakika hulia hata akiwa amepakatwa. Yatupasa kuona fahari kidogo kwamba elimu inayofundishwa leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima iliota mizizi yake katika nyua za Buganda.

Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver, walionyesha kwamba mapenzi ya watu wazima yana alama zile zile. Wako wanaotulia kwa mwenzao, wako wanaohofu daima kuachwa, na wako wanaojitenga ili wasiumizwe. Tena tukumbuke jinsi Injili ya leo inavyoishia: mara tu baada ya maneno juu ya ndoa, watoto wanaletwa kwa Yesu, naye anawakumbatia. Mtu mzima anayemhitaji mwenzake ili atulie hajawa dhaifu. Ndivyo alivyoumbwa, kwani Mungu aliona tangu mwanzo kwamba upweke haumfai.

Je, mwili wahusikaje? Mwaka 2006 James Coan na wenzake, huko Marekani, waliwalaza wanawake kumi na sita walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonya kwamba huenda wakaguswa na umeme kidogo mguuni. Mke alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilifanya kazi kwa nguvu. Aliposhikwa mkono na mtu asiyemjua, zilipungua kidogo. Aliposhikwa na mumewe zilitulia zaidi, na hasa wale ambao ndoa yao ilikuwa njema. Kushikwa mkono kulikuwa kule kule. Kilichotofautiana ni ndoa.

Hofu isipotulizwa, mwili humwaga katika damu homoni kama adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, mishipa husinyaa, shinikizo la damu hupanda. Hofu ya dakika tano Mungu ametuwekea ili tumkimbie chui. Lakini hofu inayolala nawe kitanda kimoja, utaikimbilia wapi? Huko Stockholm, nchini Sweden, wanawake 292 waliolazwa kwa ugonjwa wa moyo walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Miongoni mwa walioishi na waume au wenzi wao, wale waliokuwa na msongo mkubwa katika uhusiano huo walikabiliwa na hatari ya kuugua tena moyo karibu mara tatu ya wenzao. Msongo wa kazini haukuonyesha hatari ya namna hiyo.

Twaomba sasa makatekista wasikilize kwa makini. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, watu wamefuatiliwa afya ya moyo tangu mwaka 1948, na baadaye watoto wao pia. Taarifa moja ya mwaka 2007 iliwahusu wanandoa wa kizazi hicho cha pili. Katika muda wa miaka kumi, wanawake ambao kwa kawaida hunyamaza panapotokea ugomvi na mume walikuwa na hatari ya kufa mara nne kuliko wale waliosema yaliyo moyoni. Kwa wanaume, kunyamaza hakukuonekana kuleta tofauti hiyo. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba ukimya peke yake ndio uliowaua. Hata hivyo watosha kutufanya tuyapime upya maneno tunayowaambia mabibi arusi.

Maana bibi arusi wa kwetu huambiwa nini? Huambiwa avumilie. Huambiwa na shangazi, na somo wake, na mama wakubwa, na mara nyingine hata katika mafundisho ya ndoa parokiani. Uvumilivu ni tunda la Roho Mtakatifu, hatuupingi. Lakini uvumilivu si ububu. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga (Yn 18). Anayemwambia mke ameze kila neno kwa ajili ya amani ya nyumba anamfundisha kuficha jeraha, na jeraha lililofichwa halioshwi.

Tumtazame Hana, mke wa Elkana. Alikuwa analia na hawezi kula. Mumewe aliliona jambo hilo, akamwuliza kinachomliza na kinachouhuzunisha moyo wake. Swali lake la mwisho lilikuwa na kasoro, kwani alijipima kuwa bora kuliko wana kumi, jambo ambalo angemwachia mkewe alipime. Lakini aliuliza. Mababa wengi hawaulizi. Humwona mama hali chakula wakafikiri ni malaria. Kisha Hana akaenda hekaluni kuyamimina yake mbele za Mungu, na kuhani Eli, alipoona midomo inachezacheza bila sauti, akamdhania amelewa. Sisi tulio wachungaji na makatekista twafaa kuisoma sehemu hiyo mara mbili kabla ya kumpokea mwanamke ajaye kueleza habari za nyumbani kwake.

Na endapo habari anazoleta ni za kipigo? Hapo asiambiwe arudi akavumilie. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, kanuni 1153, chamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemletea yeye au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, kwa idhini ya askofu. Na ikiwa kungoja kwenyewe ni hatari, aweza kuondoka kwa uamuzi wake. Kifungo cha ndoa chabaki, lakini maisha yanaokolewa. Wakristo wengi hawajui kwamba sheria hiyo ipo, na hilo latusikitisha.

Kuambatana kwaonekana pia pale kifo kinapokata. Huko Uingereza, Colin Murray Parkes na wenzake walichapa mwaka 1969 habari za wajane wa kiume 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa na wake zao, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vya wanaume wenye ndoa wa umri huo, na ongezeko kubwa kabisa lilitokana na magonjwa ya moyo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani, Hikaru Sato na wenzake, walieleza ugonjwa waliouita takotsubo, yaani mtungi wa kunasia pweza, kwa kuwa chumba cha kushoto cha moyo huvimba chini na kubaki chembamba shingoni kama mtungi huo. (Wavuvi wetu wa pwani humfuata pweza kwa mkuki; Wajapani humtegea chombo.) Huwapata hasa wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya msiba au mshtuko mkubwa. Dalili zake ni za mshtuko wa moyo: maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Wengi hupona katika majuma machache wakitibiwa, ila si wote. Kwa hiyo mfiwa anayeshika kifua apelekwe hospitali mara moja, asiambiwe ni majonzi tu yatapita.

Kwetu sisi, mume akimfuata mkewe kaburini baada ya miezi mitatu, minong'ono huanza: nani amemroga? Wazee na wajane wasio na hatia wamefukuzwa vijijini, na wengine wameuawa, kwa minong'ono kama hiyo. Wenye Jumuiya Ndogo Ndogo wawaeleze watu yale tuliyoyasema juu ya moyo. Wapange pia zamu za kumtembelea mfiwa baada ya kuondoa tanga, hadi mwezi wa sita. Hujaa watu siku tatu, wakala, wakaimba, kisha nyumba ikabaki na mzee mmoja asiyejua hata chumvi huwekwa wapi. Atakayekwenda asihangaike kutafuta maneno. Amwulize mzee kama amekula na kama dawa zake za presha hazijaisha, akae naye barazani mpaka jua litue, na akiaga amwambie ni nani atakayekuja kesho.