Kung'arisha si kukatua

Lau lipo kosa ambalo mwalimu wa isimu hapaswi kulitenda, ni kusoma neno moja na kulidhania jingine. Mimi nimelitenda, tena jikoni mwangu, mchana kweupe.

Shangazi yangu, mwenyeji wa Lamu, alikuwa amenikabidhi vikuku vyake viwili vya fedha nivipeleke kwa sonara mjini Mombasa, kwa kuwa kimojawapo kilikuwa kimelegea komeo lake. Vilikuwa vimefifia, na michoro yake imejaa weusi. Niliona haya kumpelekea sonara vyombo katika hali hiyo. Basi nikaitwaa chupa ya dawa ya kufulia, ambayo karatasi yake iliahidi kwamba dawa hiyo hung'arisha, nikaimimina katika bakuli, kisha nikaikamulia ndimu mbili, maana nilikumbuka kwamba wazee wetu walisafishia ndimu. Harufu iliyozuka ilinikaba koo hata nikakimbilia uani, machozi yakinitiririka. Niliporejea baada ya muda mrefu, madirisha yote yakiwa wazi, vikuku vilikuwa vyeusi mithili ya chungu cha kupikia.

Mwenzangu wa kitivo cha sayansi alinieleza baadaye kwa uso mkavu. Dawa ya kufanya nguo nyeupe ina klorini ndani yake, na tindikali ya ndimu au siki huifungua klorini hiyo ikatoka kama hewa ya sumu. Watu hupoteza fahamu, hata maisha, kwa mchanganyiko wa namna hiyo katika bafu lisilo na dirisha. Ama fedha, klorini huishika na kuifanya nyeusi. Kwa hivyo nilikuwa nimefanya mambo mawili kwa mkupuo: kujisumisha na kuviharibu vikuku.

Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, hivyo ulikuwa ukivifua au ukivikatua?"

Kukatua! Neno hilo limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, nami nimepata kulipitia mara nyingi pasipo kulijali. Maana yake ni kusugua chombo cha madini hata kikarudi katika mng'ao wake. Umbo lake linaandamana na vitenzi kama fungua, zibua na fukua, ambavyo hutaja kuondoa kilichoziba au kilichofunika. Na kwa kweli ndiyo kazi yenyewe, kwani uzuri wa fedha huwa ungali palepale chini ya weusi. Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili maana ya neno hilo. Mmoja alibahatisha kwamba ni kukatakata vipande vidogo. Wengine walinyamaza. Walipoulizwa kwa Kiingereza jinsi madini yanavyobadilika rangi, mikono iliinuka tele, na majibu yalikuwa sahihi. Ila hakuna aliyeweza kumweleza bibi yake jambo hilohilo kwa Kiswahili.

Tumekiachia kitenzi "kung'arisha" kibebe kazi zote: nguo, meno, ngozi, sakafu na fedha. Vivyo hivyo tumeiachia "kutu" ibebe kila kinacholiharibu umbo la madini. Kutu ya chuma hula chuma chenyewe, ikabanduka, ikala tena. Weusi wa fedha ni kitu kingine kabisa. Ni utando mwembamba unaofanyika pale fedha inapokutana na salfa, ambayo kwa Kiswahili cha zamani ndiyo kiberiti. Njiti zetu za kuwashia moto zilirithi jina hilo kutokana na madini hayo. Salfa imo hewani, imo katika mayai na vitunguu, na imo katika mipira. Anayeufunga mkufu wake wa fedha kwa utepe wa mpira anauandalia weusi kwa mkono wake mwenyewe. Aidha, anayeamini kwamba ile ni kutu huchukua sifongo ya waya, akaikwaruza fedha laini na kuacha mistari isiyofutika.

Njia iliyoviokoa vikuku vya shangazi, kwa kadiri vilivyookoka, ni hii. Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, upande unaong'aa juu. Weka chombo cha fedha kiguse karatasi. Nyunyiza kijiko kikubwa cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka. Alumini ina pupa ya salfa kuliko fedha, basi huivuta upande wake, na fedha ikabaki pale ilipokuwa. Utanusa harufu kama ya yai bovu, usishtuke. Nasisitiza jina la bikaboneti kwa ukamilifu kwa sababu "soda" nalo ni neno la hatari. Lipo la kinywaji, lipo la kufulia, na ipo soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo huchoma ngozi na kuila alumini kwa kishindo.

Njia hiyo haifai kwa pambo lenye kito kilichogandishwa kwa gundi, wala kwa dhahabu ya kuchovya, ambayo ngozi yake ni nyembamba mno. Dhahabu halisi haihitaji makuu: maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini. Shaba ndiyo yenye kupenda ukwaju, kama wanavyojua wanaosafisha masinia na mabuli ya pwani, kwa kuwa tindikali ya ukwaju huutafuna ule utando bila kuiumiza shaba. Lakini ole wako ukiitia lulu au marijani katika ukwaju ama ndimu! Vyote viwili ni jamii ya chokaa, na tindikali huvila.

Fedha ya vikuku vile, kwa maelezo ya sonara, yaelekea ilitokana na riale. Masonara wa Oman na wa mwambao wetu waliziyeyusha sarafu za Maria Theresa, zilizochapwa mwaka wa 1780 juu yake hata zilipotengenezwa miaka mia baadaye, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Iliyobaki kwa sehemu kubwa ni shaba. Hii ndiyo sababu fedha ya namna hiyo huwahi kufifia kuliko ile ya sehemu 925 iuzwayo madukani siku hizi.

Baada ya alumini kufanya yake, shangazi alivichukua vikuku barazani. Aliniagiza chaki. Nikamletea vipande vilivyobaki katika mfuko wa koti langu la darasani. Akavisaga, akauchekecha unga kwa kitambaa, akautia maji kidogo, akaketi akakatua kwa kidole kilichovikwa pamba, akifuata mchoro mmoja mmoja na kuacha weusi kidogo katika mitaro ili maua yaonekane. Alifanya hivyo alasiri tatu. Kikuku kimoja kimerudi kama zamani. Cha pili kimebaki na doa la kijivu karibu na komeo, nacho ndicho anachokivaa mkono wa kulia, anaoutumia kunipokelea chai kila nikienda kumwamkua.