Uchafu Kidogo Katika Madini Yaliyoyeyuka

Leo twataka kueleza jambo linalowahusu mafundi wote wa moto, nalo ni hili: uchafu kidogo sana, ukiyeyuka ndani ya madini, huweza kubadili mwendo wa madini yote.

Na tuanze na maji. Tone likianguka juu ya jani la gimbi hujikusanya likawa duara, likabingirika bila kulowesha jani. Sababu yake ni kwamba chembe za maji huvutana. Chembe iliyo katikati huvutwa pande zote sawasawa. Bali iliyo usoni haina mwenzake juu yake, basi huvutwa ndani. Kwa hiyo uso wa maji hukaza kama ngozi iliyowambwa ngomani. Nguvu hiyo twaiita mvuto wa uso. Tukitia sabuni kidogo, mvuto hupungua na maji huenea. Sabuni si nyingi, lakini chembe zake hupenda kukaa usoni, na huko ndiko kwenye kazi.

Madini nayo ni vivyo hivyo. Chuma safi huyeyuka kwa joto la digrii 1538 za sentigredi, na mvuto wa uso wake ni kama mara 25 ya ule wa maji. Lakini chuma nacho kina sabuni yake, ndiyo salfa na oksijeni. Zikiyeyuka ndani yake, hata kidogo, hupanda usoni na kuulegeza.

Yafaa tutofautishe hapa. Uchafu ulioyeyuka ndani ni jambo moja. Kutu na utando ulioganda juu ni jambo lingine. Utando huzuia lehemu isishike, ndiyo maana fundi husugua shaba na kuipaka dawa kwanza. Bali risasi ikiyeyushwa ndani ya bati hupunguza mvuto wa uso, na lehemu huenea vyema juu ya shaba safi. Mafundi waliipenda sana lehemu hiyo. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa sufuria, birika na bomba la maji ya kunywa isitumiwe kabisa.

Sasa twende kwa fundi anayechomelea chuma cha pua kisichoshika kutu kwa moto wa umeme. Huenda akapata mabamba mawili ya namna moja, akatumia moto ule ule na mkono ule ule. Moja likayeyuka mpaka chini, la pili likayeyuka juu juu tu. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Marekani, Heiple na Roper, walieleza sababu yake.

Katika chuma chenye salfa haba mno, joto likizidi mvuto wa uso hupungua. Katikati ya dimbwi la moto pana joto kuliko ukingoni. Basi ukingo huvuta kwa nguvu zaidi, na chuma hutiririka kwenda nje. Dimbwi huwa pana, lakini halina kina. Salfa ikiongezeka kidogo, mambo hugeuka. Joto kali huifukuza salfa usoni pale katikati, mvuto wa hapo ukazidi ule wa ukingoni, na chuma hutiririka kuja katikati, kisha hushuka chini pamoja na joto lake. Salfa iliyo chini ya sehemu 3 katika 100,000 huleta hali ya kwanza. Iliyo zaidi ya sehemu 1 katika 10,000 huleta ya pili. Wala tusidhani kwamba salfa nyingi ni heri, maana ikizidi hufanya kiungo kipasuke kingali moto.

Hatari ni kwamba kiungo cha juu juu huonekana kizuri kwa macho. Bomba la mvuke likiungwa hivyo laweza kupasuka na kuwaunguza watu. Kwa hiyo fundi, kabla ya kuanza kazi, achomelee vipande viwili vya chuma kile kile, avikate katikati ya kiungo, atazame moto umefika wapi. Tena mwenye karakana asiharakishe kumlaumu fundi kwamba mkono wake ni mbaya; kwanza aulize chuma kimechanganywa na nini.