Usiku Mmoja kwa Pauni 145

Mwaka wa fedha 2024/25, kumlaza mwomba hifadhi mmoja katika hoteli nchini Uingereza kuliigharimu serikali takriban pauni 145 kwa usiku. Kwa viwango vya mwaka huo, hizo ni zaidi ya shilingi 24,000 za Kenya. Zidisha kwa siku 365 upate karibu pauni 53,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Fundi wa Essex anayekatwa kodi kila mwezi akisikia hesabu hiyo atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Kinachofaa kuulizwa ni fedha hizo zinakwenda kwa nani.

Haziendi kwa anayelala kitandani. Mwaka 2025, mwomba hifadhi aliyelishwa hotelini aliwekewa pauni 9.95 kwa wiki kwenye kadi. Tangu Januari 2025, nauli ya juu kabisa kwa safari moja ya basi katika sehemu kubwa ya England ni pauni 3. Akienda kwa mwanasheria wake na kurudi, kisha siku nyingine akapanda basi kwenda hospitali, kadi ilibaki na peni 95 na kurudi ilibidi atembee. Posho ya mwaka mzima ilikuwa kama pauni 517, yaani takriban asilimia 1 ya zile 53,000. Kufanya kazi ajitegemee haruhusiwi: kibali anaweza kukiomba tu baada ya kungoja uamuzi kwa miezi 12, tena kwa kazi zilizoorodheshwa tu.

Zinazobaki hulipia chumba, chakula, walinzi na makampuni yanayosimamia yote hayo. Mwaka 2019 serikali ilitia saini mikataba ya miaka 10 na makampuni matatu, Serco, Mears na Clearsprings, ikikadiria gharama ya pauni bilioni 4.5. Mei 2025, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilisema bili hiyo sasa inaelekea bilioni 15.3. Hoteli zilikuwa na asilimia 35 ya watu wote waliopewa makazi, lakini zilimeza asilimia 76 ya gharama ya mikataba. Mtu huyohuyo akipangishiwa nyumba ya kawaida mtaani, gharama ilikuwa kama pauni 23 kwa usiku.

Hoteli zilijaa kwa sababu maamuzi yalisimama. Kufikia Juni 2023, watu zaidi ya 175,000 walikuwa wakingoja jibu la kwanza, ndiyo au hapana. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ilizidi kuyakwamisha maombi ya waliofika kwa mashua, na kila siku ya kungoja ikawa usiku mwingine wa kulipiwa. Kasi ya maamuzi ilipoongezeka, idadi ya wanaongoja ilishuka hadi karibu 91,000 kufikia Juni 2025, na bili ya hoteli ikapungua kutoka pauni bilioni 3 mwaka wa fedha 2023/24 hadi bilioni 2.1 mwaka uliofuata. Karani mwenye faili mezani aliokoa fedha nyingi kuliko kauli yoyote kali iliyotolewa jukwaani.

Afrika Mashariki tunaijua kauli kali mojawapo. Mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, uliotangazwa Aprili 2022 na kufutwa Julai 2024, ulikula takriban pauni milioni 700, kwa hesabu ya serikali iliyoufuta. Kati yake, milioni 290 zililipwa serikali ya Rwanda. Waliokwenda Kigali walikuwa watu 4, wote kwa hiari. Hizo milioni 700 ni theluthi ya bili ya hoteli ya mwaka wa fedha 2024/25.

Hasira ya mitaani nayo ina bei yake. Baada ya wasichana watatu kuuawa Southport, Julai 2024, uvumi ulienea kwamba muuaji ni mwomba hifadhi. Alikuwa kijana mzaliwa wa Cardiff. Hata hivyo ghasia zilizuka, na karibu na Rotherham umati ulijaribu kuichoma moto hoteli yenye waomba hifadhi zaidi ya 200 ndani. Katika ghasia za siku chache nchini kote, polisi 302 walijeruhiwa. Serikali ilijibu upesi: hukumu za kwanza za vifungo zilitoka Agosti 7, siku 8 tu baada ya ghasia kuanza, na mmoja wa walioshambulia hoteli alipewa miaka 9. Ilikuwa sawa kuwafunga. Lakini dola inayoweza kuendesha kesi ya jinai kwa wiki moja haina udhuru wa kumweka mtu hotelini mwaka mzima bila jibu.

Epping, mji mdogo wa Essex, ulionyesha upande mwingine. Majirani waliandamana nje ya Bell Hotel mwaka 2025, baada ya mkazi mmoja wa hoteli hiyo kushtakiwa kwa kumdhalilisha kingono msichana wa miaka 14, kosa ambalo baadaye alitiwa hatiani. Hofu ya wazazi haikuwa ya kubuni. Ila waliobeba jina baya ni wanaume wengine wote waliolala mle, katika hoteli iliyopangiwa watu hadi 138. Halmashauri ilipata mahakamani zuio la kuwaweka waomba hifadhi humo Agosti 19, Mahakama ya Rufaa ikalitengua Agosti 29.

Nchini kote, waliokuwa hotelini mwezi Juni 2025 walikuwa 32,059 katika taifa la watu milioni 69: chini ya mtu mmoja kwa kila wakazi 2,000. Hata hivyo, Septemba 13 mwaka huo watu kati ya 110,000 na 150,000 waliandamana London kupinga uhamiaji, kwa makadirio ya polisi, na askari 26 wakajeruhiwa.

Mwaka 2025 serikali ya Keir Starmer iliahidi kuacha kuwaweka waomba hifadhi hotelini kufikia 2029, kisha ikageukia kambi za jeshi. Zinaweza kuonekana njia ya kuwatuliza waandamanaji, kwa kuwa si hoteli za mitaani. Lakini kambi na maeneo makubwa yamekwisha kujaribiwa: Machi 2024 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipiga hesabu ya maeneo ya namna hiyo na kukuta kwamba yangegharimu pauni milioni 46 zaidi ya hoteli.