Kuichunguza Kamera ya Filamu Iliyokwisha Kutumika

Makala haya mafupi yanaeleza namna ya kutambua kasoro za kamera kuukuu, kwa kuzingatia hali ya Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015. Hoja yetu ni moja: kamera na ichunguzwe ikiwa tupu. Mtafiti anayempiga picha mzee wa Kiluba pengine hatapata nafasi ya pili, na kasoro hudhihirika filamu ikiisha kusafishwa.

Kwanza ni betri. Pentax K1000 hupiga picha bila betri, isipokuwa kipimamwanga chake hakifanyi kazi. Canon AE-1, kinyume chake, haifyatuki kabisa betri ikiisha. Basi futa kutu iliyomo kwenye kikao cha betri, kisha utie betri mpya, kabla ya kuihukumu mashine.

Pili ni pazia. Fungua mgongo wa kamera, uelekeze lenzi dirishani, ufyatue kwa kasi mbalimbali. Sekunde 1 na 1/60 zikionekana sawa, au pazia likikwama, mpelekee fundi, usitie mafuta.

Tatu ni lenzi na sifongo jeusi la kuzuia mwanga. Unyevu wa masika huotesha kuvu mithili ya utando wa buibui ndani ya kioo. Sifongo likimomonyoka, mwanga hupenya na kuacha michirizi pichani. Dawa yake ni rahisi: likwangue, kisha ujaze uzi mweusi wa sufu katika mfereji wake.